Siku 65 ambazo hazikuwahi kutimia

Kazi yangu ni kupanga manunuzi na kutoa tarehe za ahadi katika kampuni ya vipuri vya mitambo hapa Dar es Salaam. Tunaagiza beringi, mikanda, pampu na filta kutoka Ujerumani, China na India, tunazihifadhi katika ghala letu la Vingunguti, kisha tunaziuza kwa viwanda vya saruji, kwa migodi ya Kanda ya Ziwa na kwa wateja wachache wa Lubumbashi. Kwa muda mrefu niliamini kwamba mteja akipewa tarehe ya uongo, mwenye kosa ni muuzaji, au wakala wa forodha, au meli. Nilikuja kugundua baadaye sana kwamba sehemu kubwa ya uongo ule ilitoka katika namba moja iliyokaa kimya ndani ya taarifa za bidhaa, namba ambayo hakuna aliyeigusa tangu siku mfumo wetu wa kompyuta ulipowashwa.

Muuzaji anapoingiza oda, mfumo hauangalii kilichopo rafuni peke yake. Unachukua stoku iliyopo, unajumlisha mizigo iliyoagizwa na inayotarajiwa kufika, unatoa oda za wateja waliotangulia, kisha unamwambia muuzaji ni kiasi gani kitapatikana na lini. Wanaotumia SAP, programu ya kuendeshea shughuli za kampuni, huuita ukaguzi huo kwa herufi tatu, ATP, yaani kiasi kinachoweza kuahidiwa, na mifumo mingine mikubwa inao kwa majina yake. Sasa, hesabu hiyo haiwezi kwenda mbele milele. Lazima iwepo siku ambayo mfumo ukiifikia unaacha kuhesabu na kuanza kuamini. Siku hiyo ndiyo upeo wa ukaguzi. Kabla yake kila kipande kinahesabiwa. Baada yake mfumo unachukulia kwamba kiasi chochote kinaweza kupatikana, kwa hoja kwamba kuanzia leo hadi siku ile upo muda wa kutosha kuagiza upya na mzigo ukaingia ghalani.

Hoja hiyo ni nzuri na sina ugomvi nayo. Tatizo ni kwamba mfumo haujui kama ni ya kweli kwa bidhaa hii, kwa msambazaji huyu, kwa bandari hii. Unasoma namba tuliyoiandika sisi.

Nitoe mfano mdogo. Mteja anataka filta 100 leo. Rafuni zipo 40, na kuna oda ya manunuzi ya filta 30 itakayofika baada ya siku 20. Upeo ukiwa siku 97, mfumo utathibitisha 40 leo, 30 siku ya 20, na 30 zilizobaki siku ya 97. Ukiandika upeo wa siku 65, zile 30 za mwisho zitaahidiwa siku ya 65. Hakuna kilichobadilika ghalani, hakuna kontena lililoongeza mwendo baharini, ila mteja amepewa tarehe iliyo karibu kwa siku 32. Ahadi imezaliwa kwenye kibodi.

Kwetu namba hiyo ilikuwa 65 hasa, na haikuandikwa mahali pamoja. Katika SAP, kwa bidhaa inayonunuliwa, muda wa kujaza stoku upya hupatikana kwa kujumlisha vipande vitatu: siku za ofisi ya manunuzi kushughulikia oda, ambazo huwekwa kwa ghala zima na si kwa bidhaa moja moja, siku za msambazaji kuleta mzigo, na siku za kupokea na kukagua mzigo ukishafika. Kwetu zilikuwa 3, 60 na 2. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba vipande hivi havihesabiwi kwa kalenda moja: zile 60 za katikati ni siku za kawaida, Jumapili ikiwemo, ilhali zile za mwanzo na za mwisho ni siku za kazi kwa kile ambacho mfumo unakiita kalenda ya kiwanda, yaani orodha ya siku za kazi na sikukuu. Ukiagiza Jumatatu na kusiwe na sikukuu kando kando, jumla inakuwa siku 65 za kawaida.

Zile 60 zilitoka wapi? Nilipochimba nilikuta zilinakiliwa kutoka mkataba wa msambazaji wa Ujerumani, na mkataba ulizungumzia siku za kutengeneza na kusafirisha hadi meli itie nanga. Mtu aliyejaza taarifa wakati wa kuhamia mfumo mpya hakukosea kusoma. Alichokosa ni mtu wa kumwambia kwamba meli kutia nanga si mzigo kufika Vingunguti. Kati ya hapo na hapo kuna kushusha, kuna makontena kuhamishiwa bandari kavu, kuna nyaraka za forodha, kuna cheti cha ubora cha TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ambacho kilipaswa kupatikana kabla mzigo haujapakiwa na ambacho kikiwa na dosari ya herufi moja kinaweza kukulaza macho, na mwisho kuna lori la kuutoa mzigo. Siku hizi zote hazikuwa za mtu yeyote, kwa hiyo hazikuandikwa popote.

Nilichofanya ni kuchukua oda kumi za mwisho za msambazaji huyo na kuhesabu siku kwa siku, kuanzia tarehe tuliyotambua kwamba tunahitaji mzigo hadi tarehe ambayo mzee wa stoo aliweka saini kwamba umepokelewa, umekaguliwa na uko rafuni. Nilizipanga kuanzia ya haraka hadi ya kuchelewa: 71, 74, 76, 78, 80, 83, 88, 92, 97, 134. Niliitazama orodha ile kwa muda. Hata ile oda ya haraka kuliko zote ilipita siku 65. Kwa maneno mengine, kila mara mfumo ulipothibitisha kiasi mwishoni mwa upeo wake, ulithibitisha jambo ambalo halikuwahi kutokea hata mara moja.

Mkuu wangu wa kitengo alishauri tuchukue wastani, na wastani wa namba hizo ni siku 87 na ushei. Ni ushauri unaoonekana wa haki, na nadhani ndio unaotolewa katika ofisi nyingi. Lakini hesabu mwenyewe: kati ya oda kumi, nne zilipita siku 87. Ukiweka wastani umekubali kwamba ahadi nne kati ya kumi za mwisho wa upeo zitavunjwa, na umekubali kabla hata oda haijaingia. Mhasibu anaweza kuishi na wastani, kwa sababu hasara ya mwezi huu hufidiwa na faida ya mwezi ujao. Meneja wa mgodi ambaye kinu chake kimesimama hafidiwi na mzigo uliowahi kwa mteja mwingine. Niliomba 97, yaani siku ambazo oda tisa kati ya kumi zilitimia ndani yake, na baada ya mabishano ya wiki mbili nilipewa.

Mabishano mengine yalihusu ile 134. Mkuu alitaka ifutwe kwenye orodha kwa kuwa ni ajali. Oda ile ilisafiri katika miezi ambayo meli zilikuwa zinaikwepa Bahari ya Shamu. Mashambulizi ya Wahouthi wa Yemen dhidi ya meli yalipoanza Novemba 2023, kampuni nyingi za meli ziliacha njia ya Mfereji wa Suez na kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa Ulaya unaokuja Afrika Mashariki ndio huo huo unaopita Suez katika nyakati za kawaida. Mimi sikukubali kuifuta, ingawa sikutaka pia iwe ndiyo upeo. Kilichotukuta mwaka 2021, meli ya Ever Given ilipokwama Suez kuanzia Machi 23 hadi 29, nacho kiliitwa ajali. Ajali mbili ndani ya miaka mitatu kwenye njia moja ya meli zinastahili kubaki kwenye kumbukumbu, hata kama hazitumiki kwenye hesabu ya kila siku. Ile 134 bado ipo, mstari wa kumi, na kila ninapofungua faili inanitazama.

Sasa, mtu atauliza: kama upeo mfupi unadanganya, kwa nini usiweke siku 200 na kulala usingizi? Kwa sababu upeo mrefu nao una gharama yake. Ndani ya upeo mfumo ni bahili: kama haukuona stoku wala oda ya manunuzi, hauahidi kitu mpaka mwisho wa upeo. Mteja anayetaka mkanda baada ya miezi minne, na ambaye tungeweza kumletea bila jasho, ataambiwa asubiri siku 200, naye atakwenda kwa jirani. Tena kuna hatari ambayo huonekana polepole. Wauzaji wakizoea kwamba tarehe za mfumo ni ndefu kupita kiasi, wanaacha kuziamini, wanaanza kutoa tarehe zao kwa simu, na hapo umerudi enzi za daftari ukiwa umelipia leseni.

Ukweli ni kwamba wauzaji wetu walishajifunza kuuchezea upeo kabla mimi sijajua unaitwaje. Siku moja nilikuwa nimekaa nyuma ya kijana mmoja wa mauzo nikisubiri karatasi kutoka kwenye printa. Aliingiza oda ya beringi 24 za mteja wa Mwanza, mfumo ukathibitisha 6. Akafuta tarehe aliyotaka mteja, akaandika tarehe ya miezi mitatu mbele, akabonyeza, na beringi zote 24 zikathibitishwa. Akahifadhi oda. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kabisa: "Kaka, ukiiweka mbali mfumo unakubali. Halafu nampigia mzee wa stoo, mzigo ukiingia tu ananishikia." Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amegundua kwa vidole kile ambacho mimi nilikuja kukisoma kwenye mwongozo: kwamba nje ya upeo kila kitu kipo.

Asichokijua ni kwamba, kwa kuisogeza oda mbele, alikuwa ameondoa madai ya mteja wake kwenye beringi za karibu. Zile 6 zilizokuwepo ziliachwa huru, na jioni ile ile zikauzwa kwa mtu mwingine. Mteja wa Mwanza, aliyekuwa wa kwanza kuomba, akawa wa mwisho kupata. Tangu siku hiyo kila Ijumaa natoa orodha ya oda ambazo tarehe aliyoomba mteja iko nje ya upeo, na nazipitia moja moja. Kwa kawaida huwa chache, na kati ya hizo chache karibu zote zina hadithi.

Upande wa pili wa hesabu, ule wa mizigo inayotarajiwa, nao una maradhi yake. Tanzania tumezoea kusikia habari za wafanyakazi hewa. Sisi tulikuwa na mizigo hewa. Oda ya manunuzi ya vipande 50 inafika na vipande 48, wawili wanabishana kuhusu vile viwili, kisha wanasahau, na oda inabaki wazi ikiwa na tarehe iliyopita. Kama mfumo umepangwa kukubali mizigo yenye tarehe za nyuma, vipande hivyo viwili vinahesabiwa kana kwamba vinaweza kuingia leo. Mipangilio ya ukaguzi inaruhusu kuchagua: kuhesabu mizigo ya mbele peke yake, au ya nyuma pia. Tulikuwa tumechagua ya nyuma pia, kwa sababu ya huruma kwa meli zilizochelewa. Nilibadilisha ikawa ya mbele tu, na wiki ya kwanza simu haikunyamaza, kwani oda zilizokuwa za kijani ziligeuka kuwa na upungufu. Nilimwambia kila aliyepiga jambo lile lile: kama mzigo umechelewa, ofisi ya manunuzi iandike tarehe mpya. Meli iliyochelewa ina tarehe mpya. Mzigo hewa hauna.

Kalenda nayo inahitaji mtu wa kuilea. Kalenda ya kiwanda ndani ya mfumo inajua Saba Saba, Nane Nane na Desemba 9, kwa kuwa hazihami. Idi inasubiri mwezi uandame, na mfumo hauna macho ya kutazama mwezi, hivyo kila mwaka lazima mtu akae aziandike tarehe zinazotarajiwa. Zaidi ya hapo, zile siku za msambazaji kuleta mzigo, kwa kuwa ni siku za kawaida, hazijui sikukuu ya nchi yoyote. Mwaka Mpya wa Kichina uliangukia Januari 29 mwaka 2025 na Februari 17 mwaka 2026, na viwanda vya kule haviamki siku ya pili yake. Wafanyakazi wamesafiri vijijini kwao na wanarudi taratibu. Kwa wasambazaji wa China naongeza upeo ifikapo Desemba na kuurudisha Machi. Ni kazi ya mkono, na ninaifanya nikiwa na alama kwenye kalenda ya ukutani.

Tuna karakana ndogo inayofunga pampu na mota kwenye fremu moja, na hapo nilikuta kosa la namna nyingine. Karakana inahitaji siku 4 za kazi, na siku hizo ndizo zilizoandikwa kwenye bidhaa iliyokamilika. Mfumo ukaamini kwamba seti yoyote, kwa idadi yoyote, inapatikana baada ya siku 4, ukisahau kwamba pampu yenyewe inatoka ng'ambo. SAP ina sehemu ya kuandika jumla ya muda wote, kuanzia kuagiza sehemu ya chini kabisa hadi seti kukamilika, na ikijazwa ndiyo inayotumika kwa bidhaa inayotengenezwa ndani. Yetu ilikuwa tupu. Katika Oracle, mfumo mwingine wa aina hiyo, mpangaji huchagua upeo wa kila bidhaa kati ya njia kadhaa, mojawapo ikiwa muda wa ngazi zote kwa jumla, na nyingine siku anazoziandika mwenyewe. Njia ni mbili, swali ni moja: unahesabu kutoka ngazi ipi?

Kuna bidhaa ambazo hazipaswi kuwa na upeo kabisa. Tulikuwa na pampu ya aina moja ambayo kiwanda kiliacha kuitengeneza. Zilibaki tatu, tukauza zote, na mfumo ukaendelea kuahidi nyingine, leo, kesho na keshokutwa, daima kwa siku ile ile ya mwisho wa upeo. Mteja mmoja alisubiri miezi mitatu pampu ambayo haipo duniani. Kwa bidhaa za namna hii ukaguzi unapaswa kufanywa bila kuzingatia muda wa kujaza upya: kilichopo kipo, kisichopo hakithibitishwi. Ndivyo pia inavyotakiwa kuwa wakati wa kuandaa hati ya kutoa mzigo ghalani. Oda ya mteja inaweza kutegemea mzigo ulio baharini, lakini dereva aliyeegesha lori mlangoni anahitaji boksi analoweza kuligusa. Kwa bahati nzuri mfumo unaruhusu kanuni tofauti kwa hatua hizo mbili, na hiyo ya pili tuliikuta imepangwa sawasawa.

Jambo linalonisumbua hadi leo ni Lubumbashi. Ukaguzi haufanywi kwa tarehe ambayo mteja anataka mzigo umfikie. Unafanywa kwa tarehe ambayo mzigo unatakiwa kuwa tayari ghalani, baada ya kutoa siku za njiani na siku za kufungasha na kupakia. Mteja wa Mbagala hatambui tofauti hiyo. Mteja wa Lubumbashi, ambaye mzigo wake unapita Tunduma, unavuka Zambia na kuingia Kongo kwa Kasumbalesa, anaitambua sana. Tuseme oda imeingia Juni 1 na mteja anataka mzigo Septemba 10. Upeo wa siku 97 unaishia Septemba 6, hivyo muuzaji anatarajia mfumo uthibitishe kila kitu. Haufanyi hivyo. Ukitoa siku 14 za njiani na 2 za maandalizi, mzigo unatakiwa kuwa tayari Agosti 25, na Agosti 25 iko ndani ya upeo, kwa hiyo mfumo unahesabu kipande kwa kipande na kukuta upungufu. Muuzaji ananipigia kusema mfumo umeharibika. Namweleza, anaelewa, na mwezi unaofuata ananipigia tena.

Zile siku 14 zenyewe sizipendi. Niliziandika mimi, kwa kuuliza madereva wawili na wakala mmoja, na foleni ya mpakani haiheshimu ninachoandika. Nimeanza kukusanya tarehe za malori kama nilivyokusanya za meli, kutoka Vingunguti hadi saini ya mteja. Ninazo saba. Zikifika kumi nitazipanga kwa mstari, na nadhani nitahitaji wiki nyingine mbili za mabishano.